Godoro la Mama Mkwe na Kadi ya Nusu Bei

Chekeni tu, hata mimi ningekuwa nyinyi ningecheka, lakini mjue kwamba mpaka leo nikiwa Bungoma mjini navuka barabara ili yule mwenye duka la magodoro na blanketi asinione.

Chanzo ni Rosa, mke wa shemeji yangu, jirani yangu hapa Matisi, mtaa wa Kitale. Krismasi moja alimpelekea mama mkwe wetu kule Bokoli blanketi zito la maua, ati amelipata nusu bei kwa sababu ni mwanachama wa klabu fulani, ana kadi. Mama mkwe akajifunika lile blanketi mchana kweupe, kwa jua lile, akisema, "Rosa anajua kununua." Na sukari niliyompelekea mimi je? Hata hakuitazama. Kwa wivu nikaiacha chai yangu ipoe.

Niliporudi Kitale niliuza kuku wangu wote, nikawapelekea pesa vijana fulani waliovaa tai, waliokuwa wakiandikisha wanachama wa klabu hiyo hotelini, nikapewa kadi ya dhahabu (ya Rosa ilikuwa ya fedha tu, niliuliza) na kuelekezwa duka la Bungoma litakalonikatia nusu. Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini nikampigia mama mkwe simu, nikamwambia aje achague godoro, lile nene kabisa, na kwa vile nilitaka habari zimfikie Rosa, nikamwomba asije peke yake.

Alikuja na akina mama watatu wa kanisa, wamevaa sare. Akavua viatu, akajilaza juu ya godoro palepale dukani, wenzake wakaimba, wakaliombea kabla sijalipa (kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani bila maombi), nami nikasema amina kuwashinda wote, nikatoa kadi.

Mwenye duka akaigeuzageuza. "Mama, hawa watu wa kadi hatuwajui. Walitaja tu duka letu bila kutuuliza. Bei ni ile ile."

"Si uangalie vizuri bana, hiyo ni ya dhahabu!"

"Hata kabla ya Krismasi kuna mama wa Matisi alikuja na yake, mwenye pengo hapa mbele. Alilia sana, halafu akanunua blanketi la maua kwa bei yote."

Rosa! Nusura nipige vigelegele. Kumbe naye alitapeliwa, akatudanganya! Nikamgeukia mama mkwe nione atakavyokasirika. Akaketi polepole juu ya godoro, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe Rosa alilipa yote kwa ajili yangu, na akanificha nisimwonee huruma? Huyo sasa ndiye mtoto." Kisha akanitazama. "Mama Wafula, nipatie viatu vyangu."

Nikapiga magoti kuvitafuta chini ya godoro, wale akina mama wakiangalia dari. Nilimnunulia mto mmoja, mdogo, na hakuna aliyeuombea.

Nimeapa siingii klabu yoyote tena, hata wakinipa kadi ya almasi. Ila kuacha kumwonea Rosa wivu sijaapa, kwa sababu hapo ningekuwa naongopa, na wa kuongopa akasifiwa katika familia yetu tayari tunaye.