Siku Jina Lake Lilipokosekana kwenye Orodha

Fimbo yangu niliikata kwenye mti wa kahawa nyuma ya choo cha walimu. Nilimpiga nayo msichana mmoja mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote niliyewahi kumfundisha. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba waliokuwa wakipiga ni wengine tu.

Shule yetu iko kando ya barabara itokayo Kinyamaseke kwenda Bwera. Darasa langu la tano lilikuwa na watoto zaidi ya tisini, wanne wanne kwenye benchi, na wengine chini. Wengi walikuwa Wakonzo wa hapo hapo. Wengine walikuwa wamevuka mpaka na wazazi wao kutoka Kongo. Walikuwepo watoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Bwera, na watoto wa askari, ambao hujifunza kila lugha nusu nusu kwa sababu baba huhamishwa kabla hawajaimaliza. Msichana huyu alikuwa wa kambini, binti wa askari. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo. Katika hesabu alipata kumi na moja kwa mia.

Nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana jambo lote limesimama hapo. Mwalimu akiitwa kikaoni, kiranja hubaki mbele ya darasa na karatasi. Anayeongea anaandikwa jina. Akiongea tena, kando ya jina anawekewa msalaba, na tena msalaba. Hiyo ndiyo orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akirudi anaisoma, na kila msalaba ni fimbo moja. Sheria inakataza, na sisi sote tulijua kwamba inakataza, na fimbo zilikaa pale pale juu ya kabati.

Kiranja wangu nilimchagua kwa sababu ya mwandiko. Aliandika herufi zilizosimama wima kama miti ya uzio, na mimi wakati huo niliamini kwamba mwandiko safi ni akili safi. Kila siku jina la yule msichana lilikuwa la kwanza kwenye karatasi yake. Misalaba minne. Misalaba saba. Aliinuka bila kuitwa, akanyoosha kiganja, na hakulia. Kutolia kwake kuliniudhi, na nikiudhika mkono huwa mzito. Siku moja ngozi ya kiganja ilipasuka akaandika siku nzima kwa mkono wa kushoto, na mimi nikamsahihishia makosa ya hati.

"Unaongea nini kila siku?" nilimuuliza.

"Maneno tu, madam."

"Maneno gani?"

"Ya watu."

Nikamwongezea fimbo moja kwa ujeuri wake.

Siku ya wazazi baba yake alikuja na sare zake. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani, akaisoma ripoti kwa kidole. Alipofika chini, mahali nilipoandika kwamba binti yake ni wa mwisho na ni mpiga kelele, alifungua mkanda wa saa yake, akaiweka juu ya benchi taratibu. Nilidhani anaogopa isichubuke. Kisha akampiga binti yake kofi lililomwangusha kati ya mabenchi mawili. Wazazi wengine walitazama madaftari ya watoto wao.

"Sikia," alimwambia akiwa bado chini. "Jina ikiandikwa tena kwa hiyo karatasi, shule kwisha. Unaenda Kasese kwa shangazi, unaosha masufuria ya hoteli. Umesikia?"

"Ndiyo, afande."

Baba yake, na alimwita afande.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kutoka kikaoni na jina lake halikuwepo. Jumanne halikuwepo. Nilifurahi sana, nikamsimamisha mbele ya wenzake. "Mnaona? Inawezekana. Mpigieni makofi." Wakapiga. Yeye alitazama nyuma ya darasa, si kwangu, na sikujiuliza alikuwa akitazama nini.

Jumatano ni siku ya kufyeka uwanja. Kila mtoto huja na fyekeo lake, kile chuma chembamba kirefu kilichopinda mwishoni, na asubuhi yanarundikwa kwenye kona nyuma ya mabenchi. Mwalimu mkuu alituita tuzungumzie mitihani. Niliacha darasa, kiranja na karatasi.

Yaliyotokea niliambiwa baadaye. Mvulana mmoja wa Kongo alikuwa amechelewa kwa mvua akakuta nafasi yake imekaliwa na mtoto wa muuza samaki wa Bwera, kijana mcheshi, mnene, anayependwa na kila mtu.

"Toka," alisema yule wa Kongo. "Mimi niko hapa tangu mwaka jana."

"Toka wewe. Mukimbizi anataka benchi? Kwenu watu beko nalala chini, hapa unataka kiti ya nini?"

Darasa likacheka. Mtoto wa muuza samaki alipenda kuchekewa, kwa hiyo akaongeza neno juu ya mama wa mwenzake. Yule wa Kongo hakujibu. Alitembea hadi kwenye kona.

Nilisikia ukelele nikiwa mlangoni pa ofisi, nikakimbia. Mtoto wa muuza samaki alikuwa ameweka mkono wake wa kulia ukingoni mwa benchi ili ainuke, na fyekeo lilikuwa limeshuka hapo. Damu ilikuwa imetapakaa juu ya daftari la hesabu, ikafunika mraba nilioufundisha asubuhi. Vidole viwili vilikuwa chini. Mtu alivikanyaga katika kukimbia, nadhani ni mimi. Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikaufunga mkono ule, nikakaza, na mtoto alikuwa akinong'ona "samahani, madam, samahani, madam," kana kwamba nitamchapa kwa kuchafua daftari.

Nilipoinua kichwa nikamwona yule msichana. Alisimama ameegemea ukuta, mikono yote miwili imeziba mdomo wake, na machozi yakimpita juu ya vidole.

Bodaboda ilimpeleka mtoto hospitali ya Bwera. Yule wa Kongo alitoka dirishani, na jioni hiyo familia yake ikavuka mpaka. Hajarudi.

Siku ya pili nilimketisha kiranja ofisini. Karatasi ya jana mkononi mwake haikuwa na jina hata moja.

"Ulikuwa unawaona wakigombana?"

"Niliona, madam. Lakini ile kazi si yangu. Ile ya kutuliza ni ya yule dada wa kambini. Kila siku yeye ndiye anatuliza."

"Anatuliza vipi?"

"Anawaongelesha. Wale wa ng'ambo anawaongelesha kama wao, na Wakonzo kama wao. Tena ukisema Kiingereza hawa wa nyuma hawashiki, yeye anawaeleza."

"Na wewe ulimwandika."

"Alikuwa anaongea, madam. Ulisema niandike anayeongea."

Mtoto hakuwa na kosa. Alitekeleza nilichomwagiza, kwa mwandiko mzuri.

Orodha za zamani zilikuwa kwenye droo yangu. Nilizipanga mezani. Siku ya misalaba saba niliikumbuka: ilikuwa siku iliyofuata ugomvi mkubwa sokoni, watoto walipoingia darasani na mawe mifukoni, na mpaka jioni hakuna jiwe lililorushwa. Kila palipokuwa na misalaba mingi, palikuwa na shari iliyozimwa. Nilikuwa na kumbukumbu kamili ya kazi ya mtoto huyu, na nimeilipa yote kwa fimbo.

Nilimwita. Nilimwomba msamaha, na hakujua aweke wapi macho, kwa hiyo nikamuuliza jambo rahisi: alijuaje mtu anataka kupigana?

Hapo alifunguka. "Yule mnene akitaka ugomvi anaongea sana, huyo si hatari. Wa ng'ambo akikasirika ananyamaza, anatafuta kitu kwa macho. Ukimwita jina akiwa bado anatafuta, anarudi. Akishakiona, umechelewa." Akafikiri kidogo. "Jumatano nilimwona anatafuta."

"Nani alikufundisha haya?"

"Nyumbani. Baba akivua saa, atapiga. Akiivaa, imekwisha. Ukijua hiyo, unajua lini kukimbiza wadogo nje."

Nimesomea ualimu, na nina cheti ukutani. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa usahihi namna hiyo jinsi hasira inavyotembea ndani ya mwili wa mtu. Na mtoto huyu nilimwandika wa mwisho.

Ijumaa baba yake alikuja. Habari za damu zilikuwa zimefika kambini, jina la binti yake likiwamo.

"Leta mutoto," alisema mlangoni pa ofisi. "Na vitabu yake."

"Karibu afande, keti."

"Mimi hapana keti."

Msichana aliitwa, akasimama kando ya kabati. Baba alimtazama, kisha akafungua mkanda wa saa, akaiweka juu ya meza yangu. Nilimwona binti akiupima mlango kwa jicho.

Mimi ni mtu wa kueleza, sina silaha nyingine. Nikaeleza. Nilimwambia orodha ilikuwa ya kweli ila mimi niliisoma vibaya. Nilimwonyesha zile karatasi. Uso wake haukubadilika. Nikajaribu njia nyingine.

"Afande, mkienda doria huko mlimani, nani anatangulia?"

"Iko mmoja. Anasikia mbele ya wote."

"Anajua hesabu?"

"Huyo?" Pembe ya mdomo ilitikisika. "Jina yake mwenyewe anaandika kwa jasho."

"Mnamfukuza jeshini?"

"Tutakufa sisi yote."

"Darasa langu lilikuwa na mtu kama huyo, na mimi nikampiga mpaka akanyamaza. Jumatano alinyamaza. Mtoto wa watu hana vidole."

Aligeuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ulipiga yeye? Ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

Nilingoja. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu na saa, na kwa muda nilidhani kofi linakuja kwangu, na nilijua sina cha kulalamikia. Kisha akaichukua saa. Akaivaa, akafunga mkanda wake polepole.

Nilishusha pumzi na kufungua mdomo. Nilikuwa bado na mengi: juu ya mtihani, juu ya kumsaidia hesabu mchana, juu ya mikono yetu sisi wawili, iliyompiga. Sikuanza. Msichana alikuwa amesogea hadi ubavuni pangu, akanong'ona bila kumwondolea baba yake macho.

"Madam, imetosha. Ukiongeza moja, ataivua."

Nikafunga mdomo. Baba alisimama kidogo, kama anayesubiri amri, kisha akasema, "Anakaa mpaka mwisho ya muhula," akatoka, na buti zake zikasikika zikipungua kwenye kokoto.

Msichana alichukua vitabu vyake akarudi darasani. Mimi nilirudisha orodha kwenye droo, nikachukua chaki. Nilipofika kwenye ukuta wa darasa langu, kengele ya kipindi ilikuwa imekwisha kulia, na ndani kulikuwa na sauti moja nzito kidogo ikizungumza na mtu wa nyuma, ikibadili lugha, ikicheka, ikirudia neno. Nilikaa nje na chaki mkononi mpaka alipomaliza.