Kichwa cha Fisi cha Bashiri

Bashiri wa Miembeni alikuwa mshona magodoro, na miaka ile hapakuwa na kazi yenye nuksi kama hiyo Bukoba nzima. Vita vya mpakani alivipita salama. Kilichomwangusha ni uvumi. UKIMWI ulikuwa unaua nyumba hadi nyumba, na mtu mmoja, Mungu anamjua, akasema Bashiri ananunua magodoro ya marehemu na kuyashona upya. Wateja wakakata mguu. Bashiri akakonda mpaka suruali ikashikiliwa kwa kamba ya katani.

Ndipo akaja Mwalimu Nathanael, kiongozi wa kikundi cha maigizo ya afya. Anataka ashonewe kichwa cha fisi cha kuvaa jukwaani. Fisi ndiye ugonjwa wenyewe, atachezwa na Buberwa, mbeba mizigo wa sokoni. Bashiri akaona riziki hiyo: watu wakiusifu mkono wake, watarudi.

Alikata sponji, akaanza kwa kuharibu. Alipima kichwa chake mwenyewe, cha Buberwa kikakwama masikioni, wakamvuta watu wawili. Akachana kisogoni, akatia kiraka. Macho akayatoboa pale fisi anapoonea, Buberwa akawa anaona mawingu tu. Akayaziba, akamfanya aonee mdomoni, nyuma ya kitambaa cheusi. Manyoya ya nyuzi za gunia aliyabandika kuanzia puani, gundi ikabaki nje safu kwa safu.

"Huyu fisi ndiye ugonjwa au ndiye mgonjwa?" akauliza mkewe, Zabibu. "Banduabandua, baba, anza kisogoni. Hujaona watu wakiezeka nyumba, safu ya juu inafunika ya chini?"

Siku ya onyesho pale Kibeta, fisi alitoka watoto wakapiga yowe. Wee! Nathanael mwenyewe alimshika Bashiri mkono mbele ya umati, akautikisa. Kisha akapanda jukwaani, akanguruma: "Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono! Wala kwa kulalia godoro moja!"

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja, Kokuhirwa, akasimama.

"Waitu, mwalimu wetu, tumesikia. Ila hiyo sponji ya kichwa imetoka kwenye godoro la nani?"

Bashiri akaona jina lake likizama tena, akaropoka kweli tupu: "Langu! Nimekata la kitandani kwangu, mimi na mke wangu tunalala mkekani!"

Alidhani amejiokoa, maskini. Watu wakamtazama ile shingo iliyokonda, wakaitazama ile kamba ya katani, wakaanza kunong'ona kwamba naye anao. Buberwa akakivua kichwa upesi, akakiweka chini polepole, kana kwamba kitamng'ata.

Bashiri akageuka kumtafuta Nathanael amtetee. Alimkuta nyuma ya jukwaa, ameinamia karai, anasugua mikono, povu hadi viwikoni.

Hasira ikampanda Bashiri, kisha ikamwisha. Akachuchumaa kando yake.

"Ukimaliza, mwalimu, nipe na mimi hiyo sabuni," akasema. "Nimekushika mkono."