Suruali Iliyoganda

Juzi, kwenye kliniki moja huku ugenini, mtaa wa Greyville, joto lilimliza mwanangu mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, toka naye nje." Kutoka ni kupoteza nafasi yangu kwenye foleni.

Bibi mmoja mzungu akainuka. "Nilikulia Saskatoon, Kanada, mji ukiwa bado unajengwa. Wakati wa baridi mama alianika nguo nje, zikaganda. Suruali ya baba ilisimama yenyewe, hivi!"

Akakakamaza miguu, akatembea mbele yetu sote. Mwanangu akanyamaza, kisha akacheka.

"Eish, bibi, rudia!" mlinzi akaomba.

Akarudia, akaketi akihema. "Siku hizi wanakausha kwa mashine," alisema kwa huzuni. "Suruali hazisimami tena."

Sisi Wakongo tukikumbuka kwetu tunapika sombe, majani ya muhogo. Yeye alitembea kama suruali ya baba yake, nami nikabaki kwenye foleni.