Mjomba Heaika Ajibu Swali

Mjomba wangu Heaika ni mtu wa maneno machache. Mkewe, Risten, husema alimposa kwa kidole: alimwonyesha yeye, kisha akaonyesha hema. Nilipomaliza chuo kikuu mjomba aliniuliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akanimiminia kahawa, na sherehe ikaishia hapo.

Ukimya huo ameupata kazini, kwenye ufugaji. Kulungu wetu wa kaskazini, hasa majike wenye mimba, hawapendi kusumbuliwa. Pikipiki za theluji wamezizoea kiasi. Kinachowatisha zaidi ni mtu aliyesimama wima juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma yake. Wakimwona, hata akiwa mbali, wanageuka na kukimbia. Mtu aliyekaa chini hawamjali sana. Wanamwona kama kisiki.

Mwaka huu barafu ya mto ilianza kulainika mapema. Tulibakiwa na asubuhi moja tu ya kuwavusha majike kwenda ng'ambo, kwenye malisho ya kuzalia. Risten alitangulia mtoni akimvuta jike mzee mwenye kengele, na wengine wakafuata polepole. Mimi na mjomba tulibaki nyuma ya kilima kulinda njia. Saa nne hivi nikaona watalii sita wenye makoti mekundu wakija kwa mbao zao za kutelezea, moja kwa moja kuelekea kileleni.

"Mjomba, wakifika pale juu, kundi linageuka."

"Naona."

"Niende nikawaombe wasubiri?"

"Wewe? Hata mkate dukani unaagiza kwa kunong'ona."

Kuwaomba tu kusingetosha. Mwaka jana tuliwaomba wengine, wakakubali vizuri, kisha wakasimama kupiga picha. Kundi lilirudi msituni mbio. Kwa hiyo mjomba aliwasha moto kando ya njia, chini kidogo ya kilele, akatandika ngozi, akachemsha kahawa, akakata jibini na nyama kavu. Watalii walipofika, aliwaonyesha ngozi, wakakaa. Mimi nikalala kifudifudi kwenye ukingo wa kilima, nikiutazama mto kwa darubini.

Kiongozi wao, Torgeir, alimaliza kikombe haraka.

"Asante, mzee. Sisi tunasonga." Akaanza kuinuka. "Hebu kwanza, una kulungu wangapi?"

Niliona aibu kwa niaba yake. Kwetu swali hilo haliulizwi. Ni kama kumuuliza mtu usiyemjua ana pesa ngapi benki. Mjomba akiulizwa hivyo huwa anampa mtu mgongo na kwenda zake.

"Kaa," alisema. "Nitakuhesabia."

Nusura niangushe darubini.

"Kuna wa shingo nyeupe. Mama yake alikuwa na pembe moja, nyingine aliivunja akigombana na mti. Binti yake ndiye yule mwizi wa chumvi..."

Akaendelea. Nani ni dada wa nani, nani ananuna, nani alikula soksi za Risten zikiwa kwenye kamba.

Baada ya saa nzima Torgeir aliuliza, "Mzee, tumefika wangapi?"

"Saba."

"Saba tu?"

"Mwache, wewe," alisema mwanamke mmoja wa kundi lake. "Ehe, mzee, na yule mwizi wa chumvi?"

Mjomba alipofika wa kumi na nane, chini mtoni wengi walikuwa wameshavuka. Ndipo Torgeir akasimama kunyoosha miguu, koti jekundu likachomoza juu ya ukingo. Majike wa mwisho walisimama katikati ya barafu, vichwa juu. Mmoja akageuka.

"Mjomba," nikanong'ona.

"Unasimama kwenye habari za wa kumi na tisa?" mjomba akamuuliza Torgeir kwa utulivu. "Huyo hapendi dharau. Alishamwangusha kasisi."

Wote wakacheka, na yule mwanamke akamvuta Torgeir koti hadi akakaa. Nilirudisha darubini mtoni. Yule jike alinusa barafu, akageuka tena, akafuata wenzake. Muda si mrefu kengele ikasikika kutoka ng'ambo.

Mjomba akanyamaza katikati ya sentensi. Akaanza kukusanya vikombe.

"Sasa jumla ni wangapi?" aliuliza Torgeir.

"Nimepoteza hesabu. Uliposimama."

Jioni Risten alirudi, suruali imelowa hadi magotini. "Wote wamevuka. Ulikuwa unawaambia nini watu wale muda wote huo?"

Mjomba akanyoosha kidole kuelekea ng'ambo.

"Haya," Risten akaniambia, akivua viatu. "Amemaliza maneno ya mwaka mzima. Mpaka Krismasi tutaombana chumvi kwa vidole."