Chumba cha Tatu au Dari

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hata mteja akileta gauni lililochanika begani, yeye alianza kwa kukagua pindo. Alikuwa mjane, fundi cherehani, na kwa miaka mingi alishonea katika chumba cha kupanga chenye bati tupu juu. Jua likipanda, bati liligeuka kikaango. Feni ilizunguka kutwa ikipuliza joto lile lile, na umeme ukala nusu ya faida.

Siku moja jasho lilimdondoka kwenye hariri ya bibi harusi. Akapangusa, akafua, akapiga pasi; alama ikabaki pale pale kifuani. Bibi harusi hakugomba. Aliketi kwenye kigoda akalia kimya kimya. Mama Pindo alisema baadaye kwamba afadhali angetukanwa.

Ilipofika zamu yake ya kujengewa na ushirika wa nyumba, alikwenda kwa mchora ramani pamoja na bintiye. Mchora ramani, mwanamke mpole aliyezoea kuchomeka penseli nyweleni, aliwatandazia karatasi mezani.

"Mkopo wako, mama, unatosha vyumba vitatu vyenye bati tupu. Au viwili, lakini na dari iliyojazwa pamba ya kuzuia joto, upenu mpana wa kukinga kuta, na matundu ya hewa kule juu. Yote kwa pamoja hayaingii."

"Chumba cha tatu ni changu," binti akadakia kabla mama hajafungua mdomo.

Alikuwa muuguzi, mtu mzima, na tangu azaliwe hajawahi kufunga mlango akawa peke yake. Usiku walilala kitanda kimoja, wakipigana viwiko.

Mama Pindo akamgeukia mchora ramani. "Hiyo dari itajilipa lini?"

"Umeme utapungua, ila gharama hairudi upesi. Atakayekuambia utaona faida kesho, anakuuzia maneno."

"Nikijenga vitatu sasa, hayo mengine niongeze baadaye?"

"Dari utaongeza. Upenu ni mpaka ufumue paa. Na nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja hiki lazima itazame jua la jioni. Ikishatazama huko, huigeuzi kama godoro. Chumba ndicho kinachoongezeka. Nitakuachia nafasi nyuma."

Mama Pindo aliomba siku chache. Hakulala vizuri. Alijua mwanawe amestahili kile chumba, na alijua pia kwamba macho na mgongo wake visingevumilia miaka mingine ndani ya tanuri. Mwishowe akachagua viwili: kimoja cha kulala, kingine cha kukaa na kushonea.

"Umechagua cherehani, mama," binti akasema. "Hukunichagua mimi."

"Cherehani ndiyo inayotulisha, mwanangu. Ndiyo iliyokusomesha."

"Najua. Ndiyo maana inauma zaidi."

Nyumba ikajengwa, wakahamia. Kwa wiki kadhaa nyumba ile mpya ilikuwa na salamu tu, shikamoo na marahaba, basi.

Msimu wa joto ulipoingia, jirani wa mkono wa kulia alianza kuja mchana kuazima sindano. Akishaipata, hakuondoka. Yeye alijenga vitatu vya bati tupu, kimoja akakipangisha.

"Kwako kuna upepo, shoga," alisema akijinyoosha mkekani. "Mimi tumbo linacheka, mgongo unalia."

Mama Pindo alicheka naye, lakini kila mpangaji yule alipolipa kodi, wivu kidogo ulimpita. Alikuwa binadamu.

Kisha binti akahamishiwa zamu ya usiku. Katika chumba cha zamani zamu hiyo ilikuwa adhabu: akirudi asubuhi, hapakulalika, akabaki kuzunguka na macho mekundu. Safari hii alirudi, akaoga, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mama Pindo alitega sikio akingoja amwone akitoka ametota jasho. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikafika, mlango bado umefungwa.

Alipotoka, uso ulikuwa na alama za mto. Alipiga miayo, akaegemea ukuta, akaupapasa kwa kiganja.

"Ukuta wa baridi," akasema.

"Umelala?"

"Nimelala kama gogo. Kitanda kizima, mama!" Akatabasamu, halafu akajikaza. "Zamu ikigeuka, viwiko vitarudi. Chumba changu bado nakidai."

"Dai, mwanangu. Haki yako."

Kesho yake, binti akiwa amelala tena, Mama Pindo aliogopa kelele za cherehani zisimwamshe; aliacha kushona akakaa na kitambaa mapajani, akihema polepole. Baada ya muda sauti ya binti, nzito kwa usingizi, ikatoka nyuma ya mlango.

"Mama, shona bwana. Cherehani ikinyamaza ndiyo naamka."