Mafundo Matano ya Ukindu

Ukipiga picha za harusi miaka mingi kama mimi, mwenzangu, mwisho unawachoka maharusi. Ndege ni wateja wazuri zaidi. Hawakuulizi kwa nini umewanenepesha. Ndiyo maana mwaka huu, mafuriko yalipopungua, nilichukua chumba gesti ya Ikwiriri, na kila alfajiri bodaboda akanishusha ukingoni mwa bonde nililokulia, nikapiga picha yangeyange, mayungiyungi na kila jani la porini nililokumbuka jina lake.

Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa mzito. Dudumizi alilia upande wa mto, ile sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka chupani, na bibi alizoea kusema akilia hivyo mvua bado ipo. Nilipiga magoti kupiga picha ya ua la mtunguja, nikaona shimo. Udongo wake ulikuwa mbichi. Pembeni ulitupwa mmea wa kutambaa wenye miba, majani yake matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Hatua chache mbele palikuwa na shimo jingine, na jingine. Nikawasahau ndege. Nilijua kilichochimbwa pale, na nilijua kuwa mtu mwenye unga ndani hakichimbi.

Ni ndiga, kiazi cha mwituni chenye sumu. Ukiila kabla maji hayajaitoa sumu yake, inakuua.

Utotoni tuliishi na bibi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, mimi na mdogo wangu wa kiume. Kazi yetu ilikuwa kupiga madebe tangu kunakucha ili ndege wasishuke. Jioni tulikula wali mpya na kambale wa kukaushwa, na mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa samaki nageuka kutafuta inakotoka. Kisha ukaja mwaka ambao maji yalichukua mpunga wote ukiwa umeanza kuinamisha vichwa. Tulikula mizizi ya mayungiyungi mpaka ikaisha karibu na dungu. Hapo bibi akachukua jembe, akaenda vichakani.

Alimenya ndiga. Akaikata vipande vyembamba kama kucha, akavijaza kwenye pakacha, akalizamisha kijitoni mahali maji yanapokimbia, na kulifunga kwenye mambo, kigingi kilichosimama majini. Juu ya mambo akatundika kipande cha ukindu, ule wa kusukia mikeka, chenye mafundo matano. Kazi ya kufungua akanipa mimi, kila siku baada ya sala ya alfajiri. “Fundo moja, asubuhi moja,” aliniambia, na akanirudishia maneno hayo hata tukiwa tunalala.

Asubuhi ya tatu mdogo wangu aliamka anatafuna ncha ya mkeka. Nikaenda kijitoni, nikafungua mafundo mawili. Hakuna aliyeniona ila mdiria mmoja aliyekuwa akivizia samaki. Kesho yake nikafungua fundo la mwisho, na bibi akaitoa ndiga siku moja kabla ya wakati wake, akaipika.

Bibi alikuwa na desturi ya kula kwanza, peke yake, halafu sisi tungoje mpaka jua liwe utosini. Desturi hiyo ndiyo iliyotuokoa sisi. Jua halijafika huko, alianza kuongea kama mlevi, kisha akaanguka, miguu yake ikawa inagonga sakafu ya miti ya dungu. Jirani yetu na mumewe walimpakia kwenye mtumbwi, wakampeleka zahanati. Alirudi hai, lakini mkono wake wa kulia ulitetemeka tangu siku ile, na hakusuka mkeka tena. Watu wakimuuliza imekuwaje, alijibu, “Uzee huu. Nilihesabu vibaya.” Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimenyamaza. Tukamzika bado nimenyamaza.

Basi nikiwa pale kwenye mashimo niliwasha kamera, nikarudi kwenye picha za jana. Kulikuwa na mdiria niliyejivunia sana, bluu yake inawaka. Nikaikuza picha. Alikuwa ametua juu ya mambo katikati ya kijito, na chini ya miguu yake kilining'inia kitu ambacho jana nilikiona takataka. Kilikuwa ukindu wenye mafundo matatu.

Nilikwenda mbio, kamera inanipiga kifuani. Kijitoni nilimkuta jirani yetu yule yule, sasa mgongo umepinda, amesimama majini hadi magotini anavuta pakacha. Ukingoni alisimama mjukuu wake, binti wa miaka minane hivi, ameushika ukindu. Haukuwa na fundo hata moja.

“Shikamoo mama. Mnaitoa leo?”

“Marahaba mwanangu. Siku zimetimia. Tangu juzi twalalia chai kavu.”

Nikamwonyesha picha. “Hii ni ya jana asubuhi, mama. Yalikuwa matatu.”

Akahesabu kwa kidole. Jana moja, baada ya picha ile, leo moja; lingebaki moja. Kidole kikabaki hewani. Mtoto hakutazama kamera, alitazama miguu yake, na mimi nilijua vizuri anachokisikia. Bibi yake akainua mkono.

“Usimpige,” nikasema. “Mwaka ule mimi ndiye niliyefungua mawili. Bibi hakuhesabu vibaya.”

Mkono ukashuka polepole. Nilitamani angenipiga mimi. “Kafa anajilaumu,” akasema. “Kila tukikaa, mie nilikosea, mie nilikosea. Na we ulikuwapo.”

“Nilikuwapo.”

Nikampigia simu bodaboda alete unga na maharage kutoka Ikwiriri. Jirani akashukuru, lakini alilirudisha pakacha majini, akalifunga upya. “Unga wako utakwisha, mwanangu. Hii iache hapa.” Dudumizi akalia tena, naye akatega sikio.

Dungu letu halipo, hata nguzo zake sikuziona. Vichaka vingi vimefyekwa, pamelimwa ufuta. Sauti ya madebe asubuhi haipo, na mikono iliyotusukia mikeka iko chini ya udongo. Nilikuja kutafuta vilivyobaki nivipige picha, nikakuta njaa imebaki, na mtoto aliyekabidhiwa kuhesabu siku zake.

Niliomba ukindu, nikafunga fundo moja, nikautundika kwenye mambo. Mtoto akaja akasimama karibu nami.

“Na wewe bibi yako alikupiga?” akaniuliza kwa sauti ndogo.

“Hakunipiga,” nikamjibu. “Sikumwambia.”