Makoti ya Ofisini

Miaka ya tisini niliajiriwa karani wa taipu katika ofisi moja ya mifugo upande wa Belgut. Asubuhi ya kwanza nilikuta mlango wazi, ukungu wa mashamba ya chai umeingia hadi ndani. Kila kiti kilikuwa kimevikwa koti. Watu hawakuwepo.

"Wako tu. Wametoka kidogo," mama wa chai aliniambia.

Nikazoea. Pikipiki ya kazi haikuwa na mafuta, kupandishwa cheo kulikuwa kumesahaulika, na mwenye bidii hakuambiwa hata asante. Basi watu walitundika makoti, wakaenda kuchuma chai yao nyumbani. Jioni waliyachukua, isipokuwa la kijivu pale pembeni. Hilo halikuondoka. Mabega yake yalikuwa yamejaa, kama ya mtu aliyeinama akisoma. Nikitaipu, nilihisi natazamwa.

Siku moja akaja mzee, ng'ombe wake ameanguka hainuki. Akamtaka afisa wa mifugo.

"Ametoka kidogo," mama wa chai akasema, akilionyesha koti la kijivu.

Mzee akavua kofia. "Mama, huyo tulimzika kwao Kaplong. Mimi mwenyewe nilishika koleo."

Mama wa chai akalitazama koti kwa muda. "Basi hatakawia," akasema, akarudi jikoni.

Ofisini hakuna aliyejua. Angejua nani, na wote walikuwa wametoka?

Baadaye tuliletewa mkubwa mpya, mama wa upande wa ziwa. Alipita kila kiti akilisalimia koti, "Habari ya asubuhi?", akingoja jibu. Jioni mama wa chai aliwasimulia waliokuja kuchukua makoti. Kesho yake viti vilikuwa na watu. Aliwauliza habari za watoto, akahangaikia mafuta ya pikipiki, na kila afisa aliyetoka kutibu ng'ombe alishukuriwa mbele ya wote.

Akanituma na dereva tulipeleke koti la kijivu Kaplong. Mjane alilipokea, akanusa ukosi.

"Kila Jumatatu alitoka hapa mapema," akasema. "Hata akiumwa. Alisema watu wanamngoja."

Akalipangusa vumbi.

"Walimpenda kazini?"

Dereva akanitazama. Ukungu ulikuwa unashuka kwenye majani ya chai.

"Sana, mama," nikasema.

Akakivalisha koti kiti kilichokuwa kando yake, akalinyoosha mabega, kisha akatuletea chai vikombe vinne.